Toka na Maji, Ingia na Maji

Februari 2011 fundi mmoja wa Mwambani, kusini kidogo ya mji wa Tanga, alimaliza kuitengeneza ngalawa ya baba mkubwa, ikabidi irudi kwao Pangani. Tulikuwa tuipeleke wawili. Usiku wa kuamkia safari mwenzangu akashikwa na homa, nami nikampigia simu baba mkubwa nikitegemea aseme tuahirishe. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza habari za mwezi.

"Umetimia juzi, baba."

"Basi ni bamvua. Toka na maji, ingia na maji. Mlangoni mwa mto usiingie kabla ya saa nane."

Hakuongeza neno, na kwa anayeyajua maji ya kwetu hayo yanatosha. Bamvua, yaani wakati wa maji makubwa, ikiwa kali, bahari ya Tanga hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na katikati ya asubuhi hupwa hadi miamba ikabaki wazi. Kati ya kujaa na kupwa kina hupungua zaidi ya mita 3. Maji yale yale yangenitoa Mwambani gizani, na yakirudi yangenipokea Pangani.

Nilitweka tanga mwezi ukiwa bado upande wa bara. Umande, upepo wa kutoka bara, ulivuma taratibu, nikapita ndani ya kisiwa cha Yambe bila kugusa kafi. Kulipopambazuka niliiona milima ya Usambara yote, samawati, mpaka mabonde yake. Karibu na Karange umande ukafa. Nikafua ngama, maji yaliyoingia chomboni, nikala muhogo wa kuchemsha, nikangoja, hata kaskazi ikaamka na kunishika begani kwa nyuma.

Hapo ndipo upweke ulipoanza kuwa kazi. Wakiwa wawili, mmoja hushika kana, mkono wa usukani, na mwingine demani, kamba ya kuongozea tanga, na upepo ukizidi huyo wa demani hupanda tengo, mti wa pembeni, upande wa upepo kuizuia ngalawa isilale. Mimi kana niliikumbatia kwapani, na demani niliizungusha mara moja tu kwenye tengo, ncha yake mkononi. Kuifunga sikuthubutu. Kila upepo uliposukuma kwa ghafla niliilegeza, tanga likapumua, ngalawa ikainuka.

Mbele ya Tongoni maji yalikuwa yamepwa kabisa. Haya ndiyo mafungu ya Mtangata, ambako Vasco da Gama, akirudi kutoka Bara Hindi mwezi Januari 1499, aliichoma moto meli yake São Rafael. Maradhi yalikuwa yamewaua mabaharia wengi mno, waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Nilikuwa nimeisikia habari hiyo tangu shuleni, lakini siku ile, nikiwa na mikono miwili tu, ndipo niliposikia uzito wake. Meli nzima, mbao zake imara, na hakuna wa kuvuta kamba!

Juu ya mwamba wanawake walikuwa wakichokoa pweza. Mmoja aliinua mti wake akaniita, "Wewe, uko peke yako?"

"Peke yangu, mama!"

"Mungu akufikishe!"

Nikaitikia amina kwa sauti yote niliyokuwa nayo.

Kigombe niliipita kwa kasi. Saa saba nilikuwa mbele ya Pangani, mlima wa Bweni ukionekana wazi ng'ambo ya mto, na mlangoni mawimbi yalikuwa yakivunjika meupe kutoka upande hadi upande. Mto ule unateremka kutoka Kilimanjaro na Meru, na maji yake ya udongo yalikuwa bado yanashindana na bahari. Nilitua tanga nikatia nanga nje, ngalawa ikirukaruka. Mashua yenye mashine ilipita ikaingia, ikarushwa vibaya, ikafika. Nilitamani sana kuifuata. Sikung'oa nanga.

Ilipokaribia saa tisa mstari ule mweupe ulikuwa umekatika katikati, na rangi ya udongo ikirudi nyuma kuelekea mjini. Nikatweka, nikapita pale palipokatika, na maji yakanibeba hadi ndani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umengoja?"

"Nimengoja."

Akaenda moja kwa moja kukagua kazi ya fundi. Wiki iliyofuata alinituma Kipumbwi na ngalawa ile ile, peke yangu, na habari za mwezi hakuniuliza tena.