Kiazi nilichokipanda kichwa chini

Siklameni yangu ya kwanza, ua la chunguni linalokua kutokana na kiazi, nilipewa zawadi. Ilikuwa imechanua, maua mekundu kama kumi na matano yamesimama juu ya majani mithili ya vipepeo waliotua pamoja. Ndani ya wiki tano nikawa nimeiua. Kila asubuhi niliimwagia maji kwa juu, katikati kabisa, pale vikonyo vinapoanzia. Siku moja nikashika jani, likaja mkononi bila kuvutwa. Chini lilikuwa teketeke, lina ukungu wa kijivu kama vumbi. Nikabonyeza kiazi kwa kidole gumba, kikabonyea.

Ya pili niliinunua mwenyewe, nikaapa sitaizamisha. Tukaenda vizuri mpaka joto lilipoingia. Majani yakageuka manjano moja baada ya jingine, maua yakakoma, kikabaki kiazi kitupu, bapa, cha kahawia, kama kigae kilichofukiwa nusu. Nikasema basi, yamenikuta tena. Kilichokiokoa ni uvivu wangu: badala ya kukitupa, nilisukuma chungu chini ya benchi kivulini, nikingoja siku nitakayokihitaji kwa mmea mwingine. Miezi ikapita, hewa ikapoa. Nilipoinama kukichukua nikakuta vijani vimejikunja katikati ya kiazi, kila kimoja hakifiki ukubwa wa kucha ya mtoto mchanga.

Kumbe mmea ulikuwa umelala. Asili ya siklameni nyingi ni nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, ambako majira ya joto ni makavu na mvua huja pamoja na baridi. Kwa hiyo mmea hufanya kazi wakati wa ubaridi, kisha hujifungia ndani ya kiazi mpaka ukame upite. Ile ya dukani, yenye maua makubwa, imetokana na Cyclamen persicum. Jina linaitaja Uajemi, lakini huko si kwao. Porini huota Uturuki, Syria, Lebanoni na jirani zao, hadi Tunisia na Algeria.

Tangu hapo nimebadilika. Chungu nakiweka ndani ya sahani yenye maji kwa dakika ishirini hivi, udongo unyonye wenyewe kutoka chini, halafu maji yaliyobaki nayamwaga. Sirudii mpaka nikinyanyua chungu nikihisi kimekuwa chepesi. Kiazi cha persicum nakiacha nusu yake ya juu iwe nje ya udongo. Ua likinyauka silikati kwa mkasi, maana kipande cha kikonyo kinachobaki ndicho kinachoalika ukungu. Nakishika kikonyo karibu na kiazi, nakizungusha, nakichomoa kwa mkupuo mmoja. Kinatoa mlio mdogo, "pwa," ambao nakiri naupenda. Na nimeihamishia kwenye dirisha lenye ubaridi kuliko yote, kwa sababu ikiwa kati ya nyuzi 10 na 18 za Selsiasi inachanua kwa miezi, lakini joto likikaa juu ya 20 muda mrefu huanza kufunga virago.

Nikajiona fundi. Nikaagiza aina nyingine ya siklameni, Cyclamen hederifolium, kiazi kikavu kimefungwa kwenye karatasi. Kukifungua, upande mmoja ulikuwa laini na wa mviringo, upande wa pili una mabaki ya mizizi kama nyuzi. Nani asiyejua mizizi hukaa chini? Nikakipanda mizizi ikitazama chini, nikafukia, nikamwagilia kidogo, nikangoja. Mwezi, miezi miwili, kimya. Mwishowe likachomoza jani moja, tena pembeni kabisa, karibu na ukingo wa chungu, kama mtu anayechungulia kutoka nyuma ya mlango. Nikafukua. Vikonyo vilikuwa vimeanzia chini ya kiazi, vikatambaa kukizunguka ubavuni, ndipo vikapanda kutafuta mwanga. Nilikuwa nimekipanda kichwa chini miguu juu. Hederifolium hutoa mizizi upande wa juu na ubavuni, na tumbo lake la chini halina kitu. Ndiyo maana yenyewe, tofauti na persicum, hufukiwa: inataka udongo juu ya kichwa.

Kosa hilo ndilo lililonifanya nianze kuzitazama moja moja, badala ya kuziita zote siklameni nikaishia hapo. Hederifolium huchanua mwisho wa joto, mara nyingi maua yakitangulia kabla ya jani hata moja. Unaamka unakuta vikonyo vya waridi vimetoboa udongo mtupu. Cyclamen coum ni fupi, majani ya mviringo, maua yamenenepa kama vifungo, na huchanua katikati ya baridi, hata theluji ikiwa imeanguka. Mizizi yake hutokea chini, kwa hiyo ukikariri somo la hederifolium ukalipeleka kwa coum utaumbuka mara ya pili. Cyclamen purpurascens, ya misitu ya Alpi na maeneo ya jirani, inavunja kanuni yote ya usingizi: huchanua wakati wa joto, ina harufu nzuri, na karibu mwaka mzima haikosi majani. Hiyo usiiache ikauke. Kuhusu harufu, persicum ya porini inanukia vizuri. Zile kubwa za dukani zimeongezwa ukubwa wa ua na nyingi zimepoteza manukato njiani. Kwangu mimi hiyo ni hasara.

Na sikuwa najua kwamba iko mpaka upande wetu wa dunia. Cyclamen somalense, iliyoelezwa kisayansi mwaka 1989, huota katika milima ya kaskazini mwa Somalia, mbali kabisa na ndugu zake. Sina mbegu zake na sizitafuti kwa njia za panya. Siklameni za porini zimechimbwa mno kwa biashara, ndiyo maana jenasi nzima, yaani aina zote za siklameni, imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini. Siku hizi kabla ya kununua kiazi nauliza kama kimekuzwa kutokana na mbegu. Muuzaji akibabaika, naacha.

Mbegu nimejifunza kwa coum. Ua likishachavushwa, kikonyo chake hujikunja kama springi na kulivuta tunda hadi chini. Persicum haifanyi hivyo, huinamisha kichwa tu. Tunda likipasuka, mbegu zinakuwa na utando wenye sukari, na sisimizi hawakawii: huzibeba, hula utando, mbegu wanaitupa mahali pengine. Safari hii niliwawahi. Nikaziloweka mbegu usiku kucha, nikazisuuza, nikazipanda kwenye mboji iliyochanganywa na changarawe laini, nikazifunika ndani ya sanduku lisiloingiza mwanga, kwa sababu huota gizani. Nilifungua kila wiki kuchungulia, jambo ambalo lenyewe si zuri. Wiki ya sita nikaona kitu cheupe kimejipinda. Kila mche huja na jani moja tu, baada ya kutengeneza kwanza kiazi kidogo kama kichwa cha pini.

Sasa ninayo miche kumi na moja. Maua sitayaona kwa miaka miwili au mitatu hivi. Ila majani yameshaanza kujieleza: mama yao ni kijani kitupu, lakini mche wa tatu kutoka kushoto una doa la fedha katikati, na ukingo wake umezungushiwa mstari mwembamba kama uliochorwa kwa kalamu.