Milango ya Suzuki yangu imetoka, na bawaba bado nzima

Wiki ya tatu sasa nazunguka Jinja na Suzuki SJ410, ile jeep ndogo, haina milango, na kila nikipita kwa yule fundi aliyeniambia "mzee, hizo bawaba kata na grainda tu, baadaye tutachomelea zingine" napiga honi mara mbili. Makusudi kabisa. Ukikata bawaba mlango haurudi tena ukakaa sawa, na mvua za huku nazijua, kuna siku nitaitaka hiyo milango.

Kilichonitesa ni skrubu za hizo bawaba. Ni zile nene za nyota, rangi juu ya rangi, kutu ndani. Nilichukua bisibisi ya nyota ya sokoni nikakandamiza kwa nguvu ya posho yote niliyokula, ikateleza, nikarudia, ikateleza, mara ya tatu naangalia ile nyota imekuwa shimo duara kama kitovu. Mama watoto yuko barazani ananiuliza, "Baba, unaitoa au unaichimba?" Sikumjibu.

Kumbe nyota ya Mjapani si hii nyota yetu ya kawaida! Ukitazama haraka zinafanana, lakini ncha ya bisibisi ya kawaida haifiki chini kabisa, ukiongeza nguvu inapanda yenyewe inatoka, na ikitoka inakula kichwa cha skrubu. Sasa nani ana bisibisi sahihi hapa Walukuba? Si mafundi wa magari, nimewauliza. Ni fundi wa boda! Pikipiki za Kijapani zina skrubu hizo hizo kwenye mifuniko ya injini, kwa hiyo anayo, tena ile nzito ya kugonga, unaipiga nyundo kwa nyuma nayo inajizungusha kidogo huku inakandamiza. Niliazima kwa soda mbili.

Usiku nikalowesha mafuta. Asubuhi nikapaka nchani pesti ya kusagia valvu, ile yenye mchanga mchanga, kidogo tu kama dawa ya meno ya mtoto, inang'ata chuma hairuhusu kuteleza. Nyundo ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya nne skrubu ikalia kiii, wallahi nilitamani kuibusu. Ile ya kitovu ilibidi kutobolewa kichwa na drili, elfu kumi hivi, labda na kidogo juu.

Anza bawaba ya chini, na mlango uwe umekalia tairi kuukuu. Mimi nilikwaruza msumari kuzunguka kila bawaba ili nikirudisha nijue ilikaa wapi. Na kumbuka vioo vya pembeni vinaondoka na milango, mimi nilikumbuka niko barabarani tayari.

Jambo lingine, ile swichi ya mlango. Mlango ukiwa haupo gari inadhani uko wazi, taa ya ndani ikawaka usiku kucha, asubuhi betri imekufa kabisa. Tukasukuma hadi kwenye mteremko, na aliyesukuma kwa nguvu kuliko wote, huku anacheka mpaka anakohoa, ni yule wa grainda.