Siku moja ya fundi cherehani wa Kilimahewa, Taifa Stars ikisubiriwa nyumbani

Mimi ni fundi cherehani, na duka langu liko Kilimahewa, Unguja, mwendo wa miguu kutoka Uwanja wa Amaan. Riziki yangu kwa miaka mingi imetokana na kanzu, mashati na sare za skuli, lakini tangu CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ilipozipa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa pamoja wa AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027, bendera zimechukua nafasi kubwa kwenye meza yangu. Kabla ya mashindano yenyewe, mashabiki wa hapa wanazisubiri mechi za kirafiki ambazo Taifa Stars, timu yetu ya taifa, itajipimia nguvu nyumbani, na kila anayeingia dukani huniuliza itacheza na nani na itacheza wapi. Swali la pili ndilo linalonigusa zaidi, na siku ninayoisimulia hapa lilinifuata tangu alfajiri hadi usiku.

Saa kumi na moja na nusu, tulipotoka msikitini, nilimwamkia jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi za bandarini, na hata kabla hajamaliza kuitikia marahaba aliniuliza, "Fundi, wameshasema watacheza na nani?" Nilimjibu kuwa ratiba nami naingoja. Mzee huyu aliifuatilia kwa redio AFCON ya 1980 iliyochezwa Nigeria, ambayo ndiyo ya kwanza kwa Tanzania, na anakumbuka kwa uchungu kwamba baada ya hapo tulikaa miaka 39 mpaka tuliporudi, Misri, mwaka 2019. Tukaenda tena Ivory Coast kwenye fainali za 2023, zilizochezwa mwanzoni mwa 2024, kisha Moroko kwenye zile za 2025. Katika safari zote nne Taifa Stars haijashinda hata mechi moja. Mara ya mwisho sare mbili, dhidi ya Uganda na Tunisia, zilitosha kuivusha kwenye makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake, kabla ya wenyeji Moroko kuitoa kwa bao 1-0 katika hatua ya 16 bora. Mzee anataka kuuona ushindi wa kwanza akiwa hai, na anataka upatikane kwenye ardhi yetu. Nami ninautaka hivyohivyo, na ndiyo sababu sizichukulii mechi za kirafiki kama burudani ya kupitisha jioni, kwani timu hailijengi zoea la kushinda siku ileile mashindano yanapofunguliwa.

Chai nilikunywa upesi, kwa chapati na maharage ya nazi, na saa mbili duka lilikuwa wazi. Kijana anayejifunza kazi kwangu alikwisha kupanga vitambaa kwa rangi: kijani, nyeusi, buluu na manjano. Wengi hudhani bendera ni kazi nyepesi kwa kuwa haina mikono wala kola, lakini Bendera ya Taifa ina mkanda mweusi wenye kingo za manjano unaopanda mshazari kutoka pembe ya chini ya upande wa mlingoti hadi pembe ya juu ya upande wa pili, na kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika. Ukikivuta kidogo tu chini ya mguu wa cherehani, mshono unapinda, na bendera ikipandishwa juu, katikati yake hujaa mikunjo ambayo pasi haiwezi kuiondoa. Kwa hiyo nilimkalisha kijana pembeni yangu nikamwonyesha: kwanza unapiga bandi kwa uzi mweupe, kisha unakiacha kitambaa kiende chenyewe huku vidole vikikiongoza bila kukisukuma, na kila mshono unaupiga pasi kabla hujaanza mwingine. Bendera ya Zanzibar, tunayoishona zaidi zinapokaribia mechi za Zanzibar Heroes, timu ya visiwani, ina mikanda mitatu iliyolala, buluu, nyeusi na kijani, ambayo hata yeye anaiweza. Kazi yake iko kwenye kile kibendera cha Muungano kilichopo pembeni juu, kwa sababu ule mshazari uleule unatakiwa uingie katika eneo dogo, na hapo bado simruhusu kugusa. Ninapenda kila shabiki atakayeingia uwanjani na bendera iliyotoka kwangu aweze kuinyoosha bila aibu mbele ya wageni.

Kiasi cha saa nne aliingia mama mmoja anayeongoza kikundi cha ushangiliaji cha akina mama wa mtaa wa pili. Alitaka mitandio ya kijani yenye ukingo wa manjano na mweusi, ya kutosha kikundi kizima, na alitaka iwe tayari kabla ya mechi ya kwanza ya kirafiki. Nilimuuliza kama wana mpango wa kuvuka kwenda Dar es Salaam iwapo mechi itapangwa kule.

"Fundi, mwanangu," alinijibu, "mimi nina wajukuu nyumbani na biashara ya vitumbua alfajiri. Boti ya kwenda ninaiweza. Usiku nitalala wapi?"

Hilo ndilo jambo ambalo wapangaji wa ratiba wanapaswa kulisikia. Boti ya mwendo kasi huchukua kama saa mbili kutoka Unguja hadi Dar es Salaam, na nauli mtu anaweza kuidunduliza, lakini mechi ya usiku ikimalizika kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, boti za kurudi zimeshaondoka zamani. Shabiki wa visiwani hutoa kazi ya siku mbili, malazi na chakula, wakati shabiki wa Temeke hurudi kulala kwake. Silaumu uwanja wa Mkapa, wenye nafasi ya watu 60,000, kupewa mechi kubwa za mashindano. Ninachokiomba ni mechi moja ya kirafiki ipewe Amaan, ili mama kama huyu aweze kuiona timu yake kwa macho na bado akachome vitumbua alfajiri.

Saa sita kasoro nilipanda daladala kwenda Mchangani kutafuta kitambaa cha manjano, ambacho kilikuwa kinaniishia. Ndani ya gari, konda na abiria wawili walikuwa wakibishana juu ya mechi za maandalizi za miaka iliyopita, na mmoja wao alisema jambo la kweli ambalo wengi tumelisahau: kabla ya AFCON ya 2019 Stars ilijipima na Misri kulekule Misri, ikafungwa bao 1-0, na kabla ya kwenda Ivory Coast ilicheza tena na Misri mjini Cairo, Januari 2024, ikafungwa 2-0. Maandalizi ya mwisho tuliyasoma kwenye simu. Safari hii mashindano yanachezwa kwetu, na timu inatakiwa kuzoea joto letu, nyasi zetu na kelele zetu wenyewe, kwa sababu kelele za nyumbani nazo zina uzito wake. Mchezaji anayeshangiliwa na uwanja mzima na kisha akapoteza mpira husikia uwanja huohuo ukiguna, na hali hiyo ni afadhali akutane nayo mapema katika mechi isiyo na pointi. Konda alitaka wapinzani wepesi ili timu ipate moyo. Mimi sikubaliani naye hata kidogo.

Adhuhuri niliswali Darajani, nikala wali na mchuzi wa jodari, nikarudi na mzigo wangu.

Alasiri duka hujaa vijana wanaotoka madrasa na wanaokwenda mazoezini. Huniletea jezi zao niwawekee majina mgongoni. Nakata herufi za kitambaa na kuzizungushia mshono wa zigizaga ili zisifumuke zikifuliwa. Siku hiyo majina mawili yalirudiwa kuliko mengine yote, Fei Toto na Bacca, na halikuwa jambo la ajabu kwangu. Feisal Salum, ndiye Fei Toto, ni mtoto wa Zanzibar aliyepitia klabu ya hapa ya JKU kabla ya kuvuka bahari, na ndiye aliyefunga bao la sare dhidi ya Tunisia lililotupeleka 16 bora kule Moroko. Ibrahim Hamad, tunayemwita Bacca, alitokea KMKM, klabu nyingine ya hapa. Kabla yao Zanzibar ilimtoa Nadir Haroub, ambaye vijana hawa wanamjua kwa jina la Cannavaro tu. Kijana mmoja wa miaka kama kumi na miwili aliniambia, wakati namalizia herufi ya mwisho, kwamba hajawahi kumwona Fei Toto akicheza isipokuwa kwenye televisheni. Mtoto huyu anaishi mahali ambapo taa za Amaan zikiwashwa zinamulika mpaka paa la nyumba yao.

Nilifunga saa kumi na mbili kasoro nikapita njia ya uwanjani, kama ninavyofanya mara nyingi. Amaan ulifunguliwa mwaka 1970, na baada ya matengenezo makubwa ukafunguliwa upya Desemba 2023 kwa mechi ya Zanzibar Heroes na Kilimanjaro Stars ya Tanzania Bara iliyomalizika bila mabao. Sasa unachukua watu 15,000 waliokaa vizuri. Agosti 2025 ulipokea mechi za CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, nami nilikuwepo Sudan ilipoichapa Nigeria mabao 4-0, nikaona jinsi watu wa hapa wanavyoweza kuipokea timu ngeni kwa moyo mweupe na kuishangilia kwa mpira wake. Mwezi uliofuata Taifa Stars yenyewe ilikuja kucheza na Niger katika kufuzu Kombe la Dunia, ikafungwa 1-0. Tulitoka pale kimya. Wapo wanaosema tangu siku ile kwamba Amaan hauna bahati na Stars, na maneno hayo hunikera, kwa sababu mwezi Januari wa mwaka huohuo, kule Gombani, Pemba, Zanzibar Heroes ilitwaa Kombe la Mapinduzi kwa kuifunga Burkina Faso 2-1 mbele ya umati wa visiwani. Watu walewale, sauti zilezile. Timu ikilelewa na watu wake huitikia, na kulea kunataka kuonana mara kwa mara.

Baada ya isha nilikwenda barzani. Kahawa ilikuwa imeshamiminwa, kashata ziko kwenye sinia, na mjadala ulikuwa umefika mbali. Mwalimu mmoja wa skuli ya sekondari, ambaye sote tunamwita Maalim na ambaye hufuatilia mambo haya kwa makini, alikuwa akieleza kwamba mechi ya kirafiki inayochezwa ndani ya kalenda ya FIFA, yaani siku zilizotengwa kwa mechi za timu za taifa, huhesabiwa katika viwango vya dunia kwa uzito maradufu ya ile inayochezwa nje ya kalenda, na kwamba ndani ya kalenda ndipo klabu zinapolazimika kuwaachia wachezaji wanaocheza nje ya nchi. Kwa hiyo, alisema, tusishangilie idadi ya mechi kabla ya kutazama tarehe zake, maana mechi iliyopangwa nje ya siku hizo inaweza kuchezwa bila nusu ya kikosi chetu.

"Na wapinzani, Maalim?" niliuliza.

Alisema angependa timu moja ya Afrika Kaskazini na moja ya Afrika Magharibi, na hapo nilimuunga mkono kwa sauti, kwa kuwa nilikuwa nimelibeba jambo hilo tangu ndani ya daladala. Moroko imetufunga katika AFCON zote mbili zilizopita, na ilitutoa pia kwenye robo fainali ya CHAN iliyochezwa 2025, kwa bao 1-0, pale Mkapa. Tunaonewa katika mambo yaleyale: pasi za haraka zinazopita nyuma ya mabeki wa pembeni, na subira ya mpinzani anayejua kuwa tutachoka. Ukicheza na timu dhaifu mambo hayo hayajitokezi, unashinda 3-0 na unakwenda kwenye mashindano bila kujua ulipo. Ni heri tufungwe na timu ngumu hapa Amaan, mwalimu wa timu apate la kurekebisha, kuliko tushinde bure. Kijana mmoja alipinga akisema kufungwa tena Amaan kutawafukuza watu uwanjani. Nilimwambia kuwa waliotoka kimya siku ya Niger ndio haohao wanaoniletea jezi kila alasiri, na hakuna hata mmoja aliyeniomba nifumue jina.

Barza ilikubaliana mambo mawili. La kwanza, viongozi wa vikundi vya ushangiliaji vya mitaa yetu wataandika barua ya pamoja kwa shirikisho la mpira la hapa Zanzibar, ZFF, kuliomba lizungumze na TFF, shirikisho la Tanzania, ili mechi moja ya kirafiki iletwe Amaan, na Maalim ataiandika. La pili, mechi zikipangwa zote Dar es Salaam, tutachangishana kuanzia sasa ili wazee na akina mama wenye nia ya kwenda wapate nauli na pa kulala, na mama wa mitandio awe mtu wa kwanza kwenye orodha. Mimi nimeahidi bendera ya mita sita kwa nne, itakayobebwa na watu kwenye jukwaa popote mechi itakapochezwa. Mkanda wake wa mshazari utapita mita saba, kwa hiyo itabidi uungwe, na kesho asubuhi narudi Mchangani, kwa sababu kitambaa cha manjano nilichonunua leo hakitatosha kingo zake.