Chongoma na asubuhi ile hakufoka

Leo Jumapili, siku ya mizani. Nimemweka Chongoma, kalunguyeye wangu, kwenye bakuli la plastiki juu ya mizani ya jikoni (ndio, ile ile ya kupimia unga, naiosha, msinitazame hivyo) ikasoma gramu 396. Wiki mbili nyuma alikuwa 421. Kwa mtu gramu 25 si kitu, ni nusu andazi, ila kwa kalunguyeye ni mwili kabisa umepungua, na mimi najua zimeenda wapi.

Kwa wasiojua, kalunguyeye sio nungunungu. Nungunungu ni yule mkubwa mwenye miiba kama kalamu anayemaliza mihogo ya watu shambani, huyu wangu ni wa kukaa kiganjani na chakula chake wadudu. Kwetu Dodoma mvua zikianza tulikuwa tunawakuta uani usiku wanahangaika na kumbikumbi chini ya taa, ukimgusa kidogo tu keshajikunja mpira. Sasa hawa wanaouzwa huku Marekani asili yao ni huko huko Afrika, walisafirishwa kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 80 mpaka 1991 serikali ya huku ikafunga mlango kwa kuogopa ugonjwa wa miguu na midomo usiingie kwa ng'ombe wao, kwa hiyo wa siku hizi ni wajukuu wa vitukuu. Chongoma kazaliwa Minnesota, kumbikumbi hajawahi kumwona.

Siku nilipompigia mama kumwambia nimenunua kalunguyeye alikaa kimya nikadhani mtandao umekata, kumbe anatafakari. Akaniuliza, "Umenunua? Kwa hela?"

Na kweli mwanzoni nilijiona mjinga. Nilitegemea mnyama wa kunizoea kama paka, nikirudi kubeba boksi nikute wa kunipokea, nikaletewa bwana mmoja ambaye ukimsogelea anafoka kama pampu ya baiskeli na kusimamisha miiba yote. Mwaka na nusu sasa, bado anafoka. Saa nane za usiku yuko kwenye gurudumu lake anakimbia kama ana basi la kuwahi, na anakimbia huku anajisaidia, kwa hiyo kila asubuhi mimi na brashi tunasugua gurudumu kwenye sinki la bafuni. Kuna siku nilibadilisha sabuni ya mikono, akanilamba kidole, ghafla mdomo ukaanza kutoa povu, akajipinda shingo anajipaka lile povu mgongoni, mimi nikajua tayari, kifafa, nimeua. Kumbe ndivyo walivyo, wakikutana na harufu ngeni wanajipaka. Sikulala siku ile.

Sasa kilichotokea. Hawa wanataka joto, nyuzi kama 24 hivi muda wote, na huku Januari nje maji yanaganda kwenye ndoo. Nina hita yake na kipimajoto pembeni. Usiku ule niko shifti, plagi ikalegea kwenye ukuta, labda niliigusa na fagio, sijui, nimerudi saa moja asubuhi kipimajoto kinasoma 16. Nikatia mkono kwenye kibanda chake. Hakufoka.

Aisee. Mwaka na nusu nalalamika anafoka, siku aliyonyamaza miguu iliniisha nguvu. Alikuwa kajikunja nusunusu, nikamgeuza, tumbo la baridi kama mtungi. Nikamtia ndani ya sweta, juu ya tumbo langu, nikajifunika blanketi, nikakaa hivyo na viatu vya theluji miguuni vinachuruzika kwenye zulia. Daktari wa mifugo alishanionya mapema: akipoa usimtumbukize maji ya moto, mpe joto la mwili polepole, maana wa Ulaya wanalala baridi yote na kuamka wakiwa wazima, ila hawa wa kwetu hawakuumbiwa hiyo, akijaribu kulala hivyo anaweza asiamke tena. Kwa hiyo nakaa. Nahesabu pumzi. Dakika kama arobaini nahisi kitu kinachoma karibu na kitovu, mwiba mmoja, halafu kumi, halafu kutoka ndani ya sweta ile pampu ya baiskeli. Nilicheka huku nalia, na tumbo lina vidoti vyekundu mpaka kesho yake.

Mchana nikampeleka hospitali ya wanyama, akapimwa, mapafu safi, nikaambiwa nimwangalie uzito na asipokula nirudi. Siku tatu alikuwa anagusagusa tu chakula. Tangu juzi bakuli nalikuta asubuhi liko tupu, na jana nimempa funza wakavu watano badala ya watatu, kawanyakua kwenye kibanio akarudi kibandani bila hata kugeuka.

Hita sasa ziko mbili, kila moja na soketi yake, plagi nimezizungushia gundi ya karatasi. Bili ya umeme imekuja Ijumaa. Mama asiione.