Tai Ndani ya Seng'enge

Jioni hii binti yangu amenikalisha mezani, hapa Virginia, nimsaidie kazi ya shule kuhusu Kanali Fred Cherry, rubani mweusi wa jimbo hili hili, ambaye ndege yake ya F-105 ilitunguliwa Vietnam ya Kaskazini Oktoba 1965, naye akakaa mfungwa wa vita hadi Februari 1973.

Alitunukiwa Msalaba wa Jeshi la Anga, nishani inayotanguliwa na Medali ya Heshima peke yake. Hiyo tuliipita haraka.

Iliyonisimamisha ni Medali ya Mfungwa wa Vita, iliyoanzishwa mwaka 1985. Usoni pana tai aliyekunjua mabawa, na pande zote amezungukwa na seng'enge na ncha za singe.

Binti yangu aliichora kwa penseli, akikaza mkono kwenye kila mwiba.

Kisha akauliza kuhusu Porter Halyburton, Mzungu wa Kusini mwa Marekani aliyefungiwa chumba kimoja na Cherry, waliowateka wakidhani kwamba watachukiana, kumbe ndiye aliyemwosha Cherry vidonda na kumlisha. Nilikosa neno, nikamwongezea chai.

Ndugu zangu, ni nani kwenu aliyeachiwa nishani ya babu sandukuni? Ina picha gani usoni?