ArrayList kugoma kuwa ArrayList kwenye Java: jinsi nilivyotatua

Wakuu, hii naiandika isije ikamsumbua mwingine. Nilikuwa na orodha iliyotoka kwa Arrays.asList, nikaikasti (nikailazimisha igeuke) kuwa ArrayList, ile orodha ya Java inayoongezeka vitu. Programu inakompaili freshi, ukiirani tu inakufa na ClassCastException (kosa la kugeuza aina), eti ArrayList haigeuki kuwa ArrayList! Nikasafisha projekti, nikabadili toleo la JDK (vifaa vya kuundia programu za Java), wapi. Dawa ilikuwa kusoma ile meseji herufi kwa herufi: imeandikwa java.util.Arrays$ArrayList, hiyo alama ya dola maana yake ni klasi nyingine kabisa iliyofichwa ndani ya Arrays, na ndiyo Arrays.asList inayorudisha. Basi nikatoa kasti, parameta za methodi zote nikazitangaza kwa intafesi (aina ya jumla), yaani List<String> badala ya ArrayList<String>, ikapita. Ila ukitaka kuongeza vitu methodi ya add inatupa kosa la UnsupportedOperationException kwa vile saizi ya orodha ya Arrays.asList haibadiliki, hapo andika new ArrayList<>(Arrays.asList(...)), inakubali vizuri tu.