Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Makabati na Chumba cha Futi 10 kwa 12

Huamka saa kumi na moja kasorobo alfajiri, na jambo la kwanza linalonipata kila siku ni kujikwaa kwenye vipande vya mbao vilivyochomoza chini ya kitanda changu. Mimi ndiye ninayelipwa kuwapangia watu nyumba zao. Mke wangu, ambaye zamani alilalamika na siku hizi anacheka tu, husema kwamba mganga hajigangi, nami sina la kumjibu kwa sababu kila kipande kilichomo humo nakijua kilikotoka na ninaamini kuwa siku moja kitapata kazi.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa ndani ya matatu, nikitoka Umoja kuelekea karakana yetu ya Kariobangi. Foleni ya Barabara ya Outer Ring humpa mtu nafasi ya kuwaza, na leo niliwaza kwamba Nairobi yenyewe ilianza mwaka wa 1899 kama bohari ya vifaa vya reli. Jiji lilizaliwa likiwa stoo, na sasa wakazi wake hawana pa kuweka sufuria.

Saa moja na robo nilimkuta kijana ninayemfundisha kazi ameshazipanga mbao tulizokata jana. Tulizihesabu na kuziandika namba kwa penseli, kisha tukatenga plaiwudi na MDF, kwa kuwa zikichanganywa kosa huonekana baada ya miezi, wala si siku hiyo. MDF ni ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Ni laini, ni nyoofu na hupokea rangi vizuri, lakini ikinywa maji huvimba kama mkate uliotumbukizwa kwenye chai na hairudi tena. Popote palipo na maji mimi hutumia plaiwudi, na hata hapo huinua kabati sentimita 5 kutoka sakafuni ili anayepiga deki asililoweshe. Zamani kazi hizi nilizifanya kwa saipresi. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka wa 2018, bei ilipanda nikalazimika kujifunza mbao za kiwandani. Sasa sijutii.

Saa tatu pikapu ilitufikisha mtaa wa Pipeline, mbele ya jumba refu lisilo na lifti. Mteja wetu anaishi orofa ya tano, na ndiyo maana kitu cha kwanza nilichopima wiki iliyopita hakikuwa chumba chake bali kona ya ngazi. Hakuna ubao niliokata ambao usingepita kwenye kona hiyo. Nimewahi kumwona fundi mwenzangu akilipasua kabati zima vipande viwili ngazini huku wapangaji wakimtazama, na sitaki kuonja aibu hiyo.

Mteja ni mama anayeuza nguo za watoto za mitumba kando ya barabara. Anaishi na mumewe, ambaye ni askari wa zamu ya usiku, na watoto wawili wa shule ya msingi, katika chumba kimoja cha futi 10 kwa 12. Alipoita fundi alitaka kabati kubwa. Nilimwambia, "Mama, tuache ukuta kwanza, tupime vitu," tukakaa saa nzima tukiorodhesha kila kilichomo: mitungi sita ya maji ya lita 20, mtungi wa gesi wa kilo 6, masanduku mawili ya bati aliyobaki nayo tangu wadogo zake walipokuwa shule ya bweni, nusu gunia la mahindi kutoka kwa mama mkwe, na robota la mitumba la kilo 45 lililokaa mahali ambapo watoto wangepaswa kufanyia kazi zao za shule. Watu wengi hununua kabati kabla ya kujua litabeba nini, kisha hununua la pili la kubebea yaliyokataa kuingia katika la kwanza.

Chumba hicho kina dari la futi 9. Mtu mzima hutumia futi 6 za chini, kwa hiyo theluthi moja nzima ya nyumba, ambayo kodi yake hulipwa kila mwezi, iko juu ya kichwa na haina kitu ila buibui. Lakini haifai kujazwa ovyo. Mitungi sita iliyojaa ina uzito wa kilo 120 kwa maji peke yake, na uzito kama huo mahali pake ni sakafuni. Juu huenda vitu vyepesi visivyoguswa kila siku, na vinavyotumika asubuhi na jioni hubaki kati ya goti na jicho.

Mpaka saa sita tulikuwa tumesimamisha rafu ya nguo. Haina mlango, kwa maana mlango unaofunguka katika chumba hicho ungegonga kitanda, ina pazia. Sehemu ya juu ni ya biashara: robota lilifunguliwa, nguo zikachambuliwa kwa umri na kutiwa katika mifuko iliyoandikwa, hivi kwamba mama anashusha mfuko mmoja tu asubuhi badala ya kuchakura lundo. Rafu haikuzidi sentimita 80 kati ya nguzo na nguzo, kwa sababu ubao mrefu kuliko huo, ukibebeshwa mzigo, hupinda katikati. Mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe, jambo ambalo wapangaji wa Nairobi wanalijua vyema, ila msimamizi wa jumba alikubali matundu mawili, nami niliyatumia kuifunga rafu juu ili watoto wasije wakaipanda ikawaangukia. Mengine yote yanasimama kwa miguu yake na kushikwa kwa bolti zinazofunguliwa kwa spana moja. Familia ikihama, rafu inahama. Kabati lililojengwa ukutani mwa nyumba ya kupanga ni zawadi kwa mwenye nyumba, na hatakushukuru.

Saa saba tulikula chapati na maharagwe ngazini.

Mchana tuliinua kitanda kwa vipande vinne vya mbao ngumu, vyenye urefu wa sentimita 10, vilivyochongwa shimo ili miguu isiteleze, na yale masanduku ya bati yakaingia chini yake. Nayapenda sana masanduku hayo: panya hayapenyi, vumbi halipiti, na kasoro yake kubwa ni kutu, ambayo huzuiwa kwa kuyalaza juu ya vijiti viwili. Mahindi nayo yaliwekwa juu ya fito, mbali kidogo na ukuta wa nje, kwa kuwa msimu wa mvua ukuta huo hutoa unyevu na mahindi yenye unyevu huota ukungu.

Tulibishana juu ya gesi tu. Mama alitaka mtungi ufichwe ndani ya kabati lililofungwa pamoja na sufuria, akasema unaharibu sura ya nyumba. Nilikataa. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka na kutuama chini, na kabati lililofungwa huikusanya hadi siku ya kiberiti. Tuliuacha wima katika sehemu iliyo wazi karibu na dirisha, naye akaushonea kitambaa kifupi kisichofika chini.

Saa tisa ndipo nilipoaibika mwenyewe. Nilikuwa nimetengeneza benchi la kukalia watoto, lenye nafasi chini yake ya mitungi yote sita ikiwa imebanana bila pengo la kidole. Tulipofunga mlango wa chuma, komeo lake la chini liligonga benchi. Nilikuwa nimeupima mlango nikasahau komeo. Ilibidi nikate sentimita 5, na mtungi wa sita ukakosa pa kuingia.

Niliuhamisha mara tatu, nikauweka kando ya rafu, mlangoni mwa bafu, chini ya dirisha, na kila mahali ulionekana kama mgeni aliyekosa kiti. Saa kumi na moja na nusu mumewe alikuwa akijiandaa kwenda kazini. Aliusogeza karibu na mlango, akaukalia na kuanza kufunga kamba za buti zake.

"Fundi, huu uache," akasema. "Hapa pananifaa."

Nilifika nyumbani saa mbili usiku. Mke wangu aliangalia mkono wangu na kuuliza kile kibanzi cha plaiwudi cha sentimita 5 ni cha nini. Nikamwambia kitapata kazi, nikakisukuma chini ya kitanda.